Barua ya wazi kwa madiwani wa Kilwa: wiki ya sita, mwulizeni na mama

Kwa Waheshimiwa Madiwani wa Halmashauri ya Wilaya ya Kilwa,
Kwa Mganga Mkuu wa Wilaya na timu yake ya afya,
Na kwa makungwi wa Miteja, Somanga na Tingi, ambao hamna ofisi wala mhuri, lakini neno lenu linafika ndani kuliko la hao wote.



Warsha za uzazi wa mpango huku kusini zina desturi ya kufunguliwa kwa lawama ile ile: wanawake wetu hawana elimu, wameshikwa na mila. Mgeni rasmi akishasema hivyo watu wanatikisa vichwa, chai inaletwa, kazi inaendelea. Leo naomba tuanzie pengine. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulipoipanga mikoa kwa matumizi ya njia za kisasa za uzazi wa mpango, mkoa wetu wa Lindi ulikaa juu kabisa. Katika kila wanawake 100 walio kwenye ndoa, 52 walikuwa wakitumia. Wastani wa nchi nzima ulikuwa 32, na Kusini Pemba walikuwa 7. Dar es Salaam, pamoja na hospitali zake na magari yake ya matangazo, ilikuwa nyuma yetu.

Basi mkoa huu haujawahi kuikataa huduma hiyo. Wanawake wake waliielewa, wakaipima, wakaichukua, tena bila kelele. Akina mama wa pwani hii wanajua thamani ya kupumua kati ya mtoto na mtoto, na walikuwa wakijua kabla zahanati ya kwanza haijaezekwa bati.

Anayenifanya niandike ni mwingine. Ni binti wa miaka 16, 17 au 18 ambaye amezaa mara moja, na ambaye atarudi tena kwa mkunga kabla mtoto wake wa kwanza hajaacha kujikwaa akitembea. Utafiti wa mwaka 2022 ulikuta wasichana 22 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 nchini wameshazaa au wana mimba. Miaka saba nyuma walikuwa 27, kwa hiyo tumeshuka, na tushukuru. Lakini hesabu hiyo humhesabu binti mara moja tu, siku anapoingia katika uzazi. Akishaingia anachanganywa na akina mama wote, na mimba yake ya pili haimshangazi mtu. Ya kwanza ililetewa kikao cha ukoo na pengine polisi. Ya pili inaletewa pongezi.

Tazameni jinsi mlango wa huduma ya uzazi wa mpango ulivyojengwa. Chama cha UMATI kilianza kazi hii mwaka 1959, kwa miji michache. Serikali ilipoichukua mwaka 1974, iliiweka ndani ya huduma za mama na mtoto. Ulikuwa uamuzi wa busara, maana kliniki za mama na mtoto ndizo zilizokuwa zikifika vijijini. Ila ulileta jambo moja ambalo bado linatutafuna: ili ukutane na huduma ya uzazi wa mpango, kwanza uwe mama. Mwongozo wa taifa hausemi hivyo. Mwongozo unasema kila aliye katika umri wa kuzaa, awe ameolewa au hajaolewa, awe amezaa au bado, ana haki ya kuhudumiwa, na kijana amo humo. Lakini benchi la kliniki halijausoma mwongozo. Mwanamke wa miaka 32 mwenye watoto wanne akienda kuomba sindano, hakuna anayegeuza shingo. Binti wa miaka 17 akikaa pale pale, swali linamwandama kutoka langoni hadi dirishani: huyu naye kaja kufanya nini?

Na zahanati zetu za vijijini hazina mgeni. Nesi ni jirani, mfagiaji ni mama mdogo, anayesubiri nyuma yako ni wifi yako. Siri ya kweli haikai hapo hata kama kila mtu ana nia njema. Zaidi ya hayo kuna ile desturi iliyoenea sehemu nyingi za nchi, ya kumtaka mjamzito aje kliniki na mwenza wake, na asiye naye apeleke barua ya mwenyekiti wa kijiji. Nia ilikuwa nzuri: wanaume nao wapimwe virusi vya UKIMWI, washiriki malezi. Kwa binti aliyekimbiwa, barua hiyo maana yake ni kwenda kujieleza mbele ya mzee wa kiume, mara nyingi rafiki wa baba yake, kwamba aliyempa mimba hayupo. Wengi wanachelewa kuanza kliniki kwa sababu ya karatasi hiyo. Madiwani mnaweza kuifuta kwa mabinti hawa katika kikao kimoja, na hakuna shilingi itakayotumika.

Miteja yenyewe mnaijua, lakini wasomaji wengine huipita usiku wakiwa wamelala kwenye basi. Ipo kando ya barabara kuu ya kusini, kati ya Somanga na Tingi. Kuna mashamba ya ufuta na mikorosho, na Somanga kuna samaki na watu wa kila kabila waliofuata samaki. Barabara inaleta malori, malori yanalala, na madereva wanakula. Ufuta ukishavunwa na minada ikaanza, kati ya mwezi wa sita na wa saba, fedha inatembea kijijini kuliko miezi mingine yote. Kijana aliyekuwa hana nauli ana simu mpya na pikipiki ya kukodi. Sisemi hivi kuulaumu ufuta, ambao umejenga nyumba za tofali ambazo zamani hazikuwepo. Nataka mhesabu pamoja nami. Mimba ya mwezi wa saba inazaliwa mwezi wa nne. Mwezi wa nne ni masika. Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara kuu maeneo ya Somanga, magari yakakwama siku kadhaa. Mjamzito anayehitaji kufikishwa Hospitali ya Kinyonga, Kilwa Kivinje, siku kama zile, akiwa na miaka 17 na damu inamtoka, hasaidiwi na takwimu yoyote. Tuna namba 115 ya m-mama ya kuita usafiri wa dharura bure, na imeokoa wengi. Nayo inahitaji barabara.

Mwili wa binti si mwili wa mama mtu mzima. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba wazazi wa miaka 10 hadi 19 wanapata kifafa cha mimba na maambukizi ya kizazi baada ya kujifungua zaidi kuliko wale wa miaka 20 hadi 24. Shirika hilo hilo linashauri mwanamke akae angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kutafuta mimba nyingine. Nchi yetu imejisifu, na kwa haki, kwamba vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015–16 vilikadiriwa kuwa 104 mwaka 2022. Kuendelea kushusha namba hiyo ni kazi ya vyumba vya upasuaji na damu salama, sawa. Ni kazi pia ya kuhakikisha aliyeponea chupuchupu mara ya kwanza harudishwi kwenye hatari ile ile baada ya mwaka mmoja.

Sasa nije kwenye wiki ya sita, ambayo ndiyo hasa barua yangu.

Mtoto akishazaliwa huku kwetu, mama anakaa arobaini. Anakandwa maji ya moto, anapikiwa uji wa pilipili manga, hafanyi kazi nzito, na mume hamkaribii. Arobaini ikitoka anaoga, anavaa kanga mpya, mtoto anatolewa nje. Na mume, kwa dini na kwa desturi, anaruhusiwa kurudi chumbani. Hesabuni siku. Arobaini inaisha siku mbili tu kabla ya wiki sita kutimia. Wiki ya sita ndiyo wiki ambayo kadi ya kliniki inamtaka mtoto aletwe kwa chanjo, na ndiyo siku ya 42, ya mwisho katika mahudhurio ya mama baada ya kujifungua. Desturi ya bibi zetu na ratiba ya Wizara ya Afya zimekutana kwenye wiki moja, bila mtu kuzipanga.

Na wiki hiyo nini hutokea? Mtoto anavuliwa, anapimwa uzito, anapewa matone mdomoni na sindano pajani, analia, anabembelezwa. Mama anaambiwa amrudishe wiki ya kumi. Anaondoka. Wiki ya kumi vivyo hivyo, wiki ya 14 vivyo hivyo, mwezi wa tisa kwa surua, mwezi wa 18 kwa surua tena. Mara tano binti yule amekanyaga zahanati kwa miguu yake, mtoto mgongoni, tayari ameshamaliza aibu ya kuonekana pale, kwa sababu ukija kwa chanjo hakuna anayekuuliza umefuata nini. Mara tano mtaalamu alikuwa amesimama mbele yake. Swali la dakika moja, "Na wewe, mama, umejipangaje?", lingeweza kuulizwa mara zote hizo. Kuna manesi wanaoliuliza, Mungu awalipe. Lakini linaulizwa kwa wema wa nesi, halilindwi na utaratibu. Siku ambayo foleni ni ndefu na nesi yuko peke yake, wema unachoka.

Asipoulizwa, yule binti anabaki na anayoyajua. Anajua kwamba anayenyonyesha hapati mimba. Jambo hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana linaua. Kunyonyesha kunazuia mimba pale masharti matatu yanapokutana: mtoto ananyonya tu, usiku na mchana, hapewi maji wala uji, mama hajaona siku zake, na mtoto hajatimiza miezi sita. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Mtoto wa Miteja anayeachwa na bibi akapewa uji wa mahindi akiwa na miezi mitatu kwa sababu mama yake yuko shambani kupalilia, ameshavunja sharti la kwanza. Na kuna hili ambalo mabinti wengi hawaambiwi kabisa: yai hutoka kabla ya damu ya kwanza. Unaweza kushika mimba bila kuona siku zako hata mara moja tangu ulipojifungua. Anayesubiri aone kwanza ndipo aende kliniki, atasubiri miezi tisa.

Vitu vya kumpa vipo, na kwenye vituo vya serikali ni bure. Kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono kinakaa miaka mitatu au mitano kutegemea aina, na mama anayenyonyesha anaweza kuwekewa hata kabla hajatoka wodini. Lupu anaweza kuwekewa ndani ya saa 48 baada ya kujifungua, ikakaa miaka 10 na zaidi, na ikitolewa kizazi kinarudi kazini. Sindano ni ya kila miezi mitatu. Anayenyonyesha aianze ikitimia ile ile wiki ya sita. Vidonge vya kawaida vyenye homoni mbili asivianze hadi mtoto atimize miezi sita, vya homoni moja vinamfaa mapema. Kondomu ndiyo njia pekee inayokinga mimba na maradhi kwa pamoja. Na ikitokea ajali, vidonge vya dharura vinafanya kazi ndani ya siku tano, kadiri unavyowahi ndivyo vinavyosaidia zaidi.

Mganga Mkuu, hapa nina ombi kwa watu wako. Wasiseme kwamba njia hizi hazina maudhi. Kila kijiji kina mwanamke aliyewekewa kijiti akatokwa damu mwezi mzima, na mwingine aliyechomwa sindano akakaa mwaka bila kuona siku zake. Hao ndio redio ya kijiji. Nesi akiwaambia mabinti kuwa hayo ni uvumi tu, amejipotezea imani kwa mengine yote atakayosema, kwa sababu binti amemwona shangazi yake. Ni afadhali aambiwe ukweli kabla: kijiti na sindano hubadili mpangilio wa damu, kwa wengi hutulia baada ya miezi michache, kwa wengine haitulii, na ukishindwa rudi, kinatolewa siku hiyo hiyo bila kusemwa. Hili la kutolewa ni kubwa. Binti anayejua kwamba kutoka ni rahisi kama kuingia hataogopa kuingia. Anayesikia kwamba fulani alikwenda kutolewa kijiti akazungushwa na kukaripiwa, hatakaribia.

Baada ya ukweli huo ndipo uvumi unaweza kukataliwa kwa sauti inayoaminika. Kijiti hakisafiri hadi moyoni. Kinabaki pale kilipowekwa, ukipapasa unakigusa. Vidonge havigandi tumboni vikawa uvimbe. Sindano haileti ugumba, ingawa baada ya kuiacha mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa kuliko kwa njia nyingine, na anayetaka mtoto karibuni achague njia tofauti. Maelezo ya namna hii hayahitaji semina. Yanahitaji dakika kumi na chumba chenye pazia.

Bibi zangu makungwi, sasa naongea nanyi, na naongea kama mtoto wenu.

Nimesikia nyinyi mkilaumiwa kwenye mikutano kwamba unyago ndio unaowafundisha watoto ukubwa. Wanaosema hivyo wengi hawajui kinachofundishwa ndani, na hawataambiwa. Lipo la kusahihisha, na mnalijua: mwari wa miaka minane au tisa hana haja ya kujua ya chumbani. Afundishwe mwili wake ni wake, afundishwe kukataa mkono wa mtu na kusema nyumbani. Hayo yatamtosha kwa umri huo. Lakini hakuna shule wala zahanati iliyo na kitu mlicho nacho nyinyi, nacho ni ruhusa ya kutaja mambo kwa majina yake bila mtu kuona haya. Mwalimu wa sayansi darasa la saba anageukia ubao. Mama mzazi, kwa mila zetu, hasemi na bintiye mambo hayo. Kungwi anasema.

Na nyinyi ndio mlioshika mpango wa uzazi wa pwani hii kabla ya daktari. Mlipowatisha wanandoa kwamba watambemenda mtoto, kwamba mama akishika mimba nyingine huku ananyonyesha mtoto atadhoofika, mlikuwa mnalinda miaka miwili ya mtoto. Daktari hatakubaliana nanyi juu ya sababu, kwa maana maziwa hayaharibiki kwa tendo la ndoa. Atakubaliana nanyi juu ya matokeo, kwamba mtoto aliyeachishwa ziwa mapema kwa sababu ya mimba mpya mara nyingi anadhoofika kweli. Tatizo la kinga ile ya zamani ni kwamba ilimtegemea mume kukaa mbali, au kwenda kwingine, na haikumpa mke la kufanya siku mume anapokataa kukaa mbali. Binti wa leo hakai tena kwa mama yake miaka miwili. Anakaa chumba cha kupanga Somanga na mvuvi wa miaka 23.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapomtoa mzazi arobaini, baada ya kumfundisha kujisafisha na kumpakata mwana, ongezeni neno: wiki hii unakwenda kliniki ya mtoto, usitoke bila kuulizia yako. Kama anaona aibu, mpelekeni. Kungwi akiketi naye kwenye benchi, nani atamgeuzia shingo?

Na nyinyi, waheshimiwa, wapeni makungwi hawa nafasi. Serikali ilizindua Januari 2024 mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 nchi nzima ndani ya miaka mitano. Ni mpango mzuri. Lakini mhudumu kijana mwenye tisheti na kishikwambi hawezi kuingia kila chumba cha mzazi ndani ya arobaini. Kungwi yumo tayari. Waketi pamoja siku moja kila robo mwaka, wakunga wa zahanati na makungwi wa kata, bila posho za kutisha, wabadilishane yale wanayoyajua.

Kwa masheikh nina machache, maana wenye elimu ya dini wanayajua kuliko mimi. Qur'ani imetaja miaka miwili ya kunyonyesha. Masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, na hadithi za jambo hilo zinasomwa madrasa. Kupanga nafasi kwa makubaliano na kukata kizazi ni mambo mawili mbalimbali, na wanazuoni wengi wameyatenganisha. Khutba moja ya Ijumaa yenye kueleza hivyo, msikitini Miteja, itawafikia waume ambao hawatakuja kliniki hata waitwe kwa ngoma.

Kuhusu wanaume wenyewe nitasema moja tu. Aliyempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30 kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, na sote tunajua jinsi kesi hizo zinavyoishia sebuleni kwa mbuzi na laki kadhaa. Hilo ni la polisi, mahakama na wazazi, lina barua yake.

Lakini shule lazima niitaje. Tangu Novemba 2021, kwa Waraka wa Elimu namba 2 wa mwaka huo, binti aliyeacha masomo kwa sababu ya uzazi anaruhusiwa kurudi darasani, na muda aliopewa ni miaka miwili. Kama hawezi kukaa tena na wadogo zake darasani, ipo njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Tulipigania ruhusa hiyo kwa miaka. Sasa linganisheni miaka miwili ya waraka na miezi 24 ya Shirika la Afya Duniani. Ni muda ule ule. Binti wa Miteja aliyejifungua akiwa kidato cha pili ana miaka miwili ya kumnyonyesha mwanawe, kumwachisha, kumzoesha bibi, na kurudi shule. Mimba ya pili ikiingia mwezi wa nane baada ya kujifungua, miaka hiyo miwili inampita akiwa nje ya darasa. Afisa elimu wa wilaya na mganga mkuu wa wilaya wanahangaikia binti mmoja, bila kuketi meza moja kumzungumzia.

Nimalizie na fedha, jambo ambalo madiwani mna mamlaka nalo moja kwa moja.

Kwa miaka mingi vijiti na sindano zilizofika Kilwa zilinunuliwa kwa sehemu kubwa na wafadhili, Marekani ikiwa mbele. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake. Katikati ya mwaka huo dunia ikasikia kwamba shehena ya dawa za uzazi wa mpango yenye thamani ya karibu dola milioni 10, iliyokaa ghalani Ubelgiji, imeamriwa kuchomwa moto badala ya kugawiwa. Shirikisho la kimataifa ambalo UMATI ni mwanachama wake likaeleza kwamba sehemu kubwa ya shehena ile ilikuwa ije Tanzania: sindano zaidi ya milioni moja na vijiti 365,100, sawa na asilimia 28 ya mahitaji ya nchi kwa mwaka. Mtu wa Miteja hawezi kuzuia uamuzi wa Washington. Anaweza kuuliza halmashauri yetu, pale Kilwa Masoko, imefanya nini baada yake.

Maana Kilwa si wilaya maskini kwa kiasi tunachopenda kusema tunapoomba. Gesi ya Songo Songo imekuwa ikitoka tangu 2004 na halmashauri inapata ushuru wa huduma. Ufuta unalipa ushuru kila mnada. Korosho zinalipa, samaki wanalipa. Katika Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri wa mwaka ujao wa fedha, wekeni mstari wenye fungu la mapato ya ndani kwa ajili ya uzazi wa mpango, kiasi kidogo tu, cha kununulia pale Bohari ya Dawa inapochelewa na cha mafuta ya gari la huduma ya mkoba linaloingia vijiji vya ndani. Na mstari huo usiwe wa mapambo. Tumeona mistari mingi ya bajeti ambayo fedha zake hazikutoka hata mara moja.

Kisha naomba namba moja isomwe katika Baraza la Madiwani kila robo mwaka, kwa sauti, kata kwa kata: mabinti wa chini ya miaka 20 waliojifungua katika vituo vyetu miezi mitatu iliyopita walikuwa wangapi, na wangapi kati yao, hadi chanjo ya wiki ya sita, walikwisha kuulizwa wanataka njia gani na kupewa waliyoichagua, au kukataa kwa hiari yao. Anayekataa aheshimiwe, nataka tu awe ameulizwa. Takwimu hizo zimo tayari kwenye rejesta za zahanati, ila ziko kwenye vitabu viwili tofauti, cha wazazi na cha uzazi wa mpango, na hakuna anayevifungua kwa pamoja. Mganga mfawidhi mwenye kalamu na saa moja anaweza kuzitoa.

Diwani wa Miteja, anza wewe. Kikao kijacho, simama uiulizie namba ya kata yako.

Wenu,
Mzazi na mkazi wa Kilwa